Raba ya CV Inavuja Baada ya Kuinua Gari: Anza na Pembe, Raba Baadaye

Wenye pikapu wengi wa Bukoba na Muleba wanainua magari yao, na wana sababu. Barabara kuu inayopita Kemondo na Muhutwe haiwasumbui. Taabu huanza ukiiacha na kuingia njia za vijijini za Kamachumu, Nshamba au Rubya kufuata ndizi na kahawa vibanjani. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho miji michache ya Tanzania inakifikia, na maji hayo huchimba njia hadi katikati panabaki tuta la kukwangua injini. Mwenye Hilux anaongeza spesa mbele, anaongeza jani la springi nyuma, gari linasimama juu, naye anapita pale alipokuwa akikwama.

Baada ya muda anaona grisi nyeusi imetapakaa ndani ya rimu ya mbele. Fundi anachungulia na kusema, "Bosi, raba ya CV imekwisha, tuweke mpya." Inawekwa. Msimu haujaisha, grisi imerudi palepale. Sasa lawama zinahamia kwenye raba feki, kisha kwa muuza spea, kisha kwa fundi.

Raba feki zipo, sikatai. Lakini gari lililoinuliwa likivuja grisi mara ya pili upande uleule, mashaka yangu ya kwanza yapo kwenye pembe ya shafti. Raba inaumizwa na kitu, na kitu hicho hakijaguswa.

Tuangalie kinachotokea chini ya gari. Kwenye Hilux za kuanzia Vigo, na kwenye Prado za namba 90 na 120, difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi. Shafti mbili zinatoka humo kwenda kwenye tairi, kila moja ikiwa na jointi mbili za CV, zilizovikwa raba yenye mikunjo inayoshika grisi: ya ndani karibu na difu, ya nje nyuma ya tairi. Unapoinua gari, chesisi hupanda na difu hupanda nayo. Habu ya tairi inabaki kwenye kimo chake, kwa kuwa tairi halijabadilika. Shafti iliyokuwa karibu kulala sasa inashuka kwa mteremko kutoka difu hadi tairi.

Mteremko huo unapimika kwa futi ya fundi cherehani. Chukua kimo cha katikati ya jointi ya ndani kutoka ardhini, kisha cha jointi ya nje, utoe. Pima pia umbali kati ya jointi hizo mbili. Kama umbali ni sentimita 40 na tofauti ya vimo ni sentimita 5, shafti imelala kwa nyuzi 7 hivi. Tofauti ikifika sentimita 10, ni nyuzi 14. Ikifika 15, umevuka nyuzi 20. Jointi ya nje, yenye gololi sita, inavumilia pembe kubwa kwa sababu imeundwa ili tairi liweze kukata kona. Ya ndani ni nyingine. Katika magari mengi ina miguu mitatu yenye roli zinazoteleza ndani ya kikombe, na kikomo chake cha kawaida ni takriban nyuzi 25. Gari linaloishi kwenye nyuzi 20 likiwa limesimama tu, litakuwa wapi tairi likining'inia shimoni?

Fikiria na raba yenyewe. Shafti iliyoinama inapozunguka, mikunjo ya raba hufunguka upande mmoja na kufinyana upande wa pili, mara moja kila mzunguko. Tairi la 265/65R17 lina mzingo wa takriban mita 2.4, kwa hiyo kila kilomita 10 ni zaidi ya mizunguko 4,000. Hesabu mwenyewe safari ya Bukoba hadi Muleba na kurudi. Pembe ikiwa ndogo, mikunjo inapumua bila kugusana. Ikiwa kubwa, inasuguana kavu kwa kavu, na raba inajikata yenyewe kwenye bonde la mkunjo. Kisha mchanga unaingia kazini. Mawe ya mchanga ya ukanda huu, ambayo wanajiolojia waliyaweka katika kundi walilolipa jina la Bukoban, humeguka na kutoa chembe za kwazi, na kwazi ina ugumu wa 7 kwenye mizani ya Mohs. Chembe hizo zikichanganyika na grisi ndani ya jointi, grisi haitelezeshi tena, inasaga.

Kabla ya kufungua nati yoyote, jua kwanza kinachovuja. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Grisi ya jointi ni nzito, nyeusi au kijivu cha risasi, na hurushwa kwa mstari: utaikuta imechora duara ndani ya rimu, kwenye amu na kwenye shokapu, kama inatoka jointi ya nje. Ikitoka ya ndani, itakuwa kwenye chesisi, kwenye bamba la kukinga injini na ubavuni mwa difu. Oili ya difu ni nyepesi, inatiririka kufuata chuma hadi sehemu ya chini kabisa na kudondoka, na ina harufu kali ya salfa ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Hiyo ikionekana pale shafti inapoingia kwenye difu, raba haina kesi. Ni sili ya difu, na huenda ilichubuliwa kama shafti ilichomolewa siku ya kuweka spesa. Shokapu iliyopasuka nayo hutoa oili nyembamba inayoshuka kwenye mwili wake. Maji ya breki huharibu rangi na hayana uzito wa grisi. Ukiona unyevu ndani ya tairi pamoja na pedali ya breki inayozama, acha habari za raba na usiendeshe.

Futa kila kitu kwa kitambaa na maji ya sabuni. Usitumie petroli kwenye raba, inaidhoofisha. Endesha kilomita chache, urudi uangalie. Uchafu wa zamani huficha chanzo, na fundi anayetazama gari lenye grisi kila mahali hubaki kukisia.

Sasa uliza lini ilianza. Kama grisi ilitokea siku ileile au wiki ileile ya kuinua gari, hasa upande wa ndani, kosa linaweza kuwa la ufungaji. Ili spesa iingie, fundi hufungua boli jointi ya juu na habu yote hulala nje. Isiposhikiliwa kwa kamba au kwa jeki, uzito wake huvuta shafti, roli za jointi ya ndani zinafika ukingoni mwa kikombe, raba inanyooshwa kupita kiasi, na mdomo wake unahama chini ya klampu. Hapo huenda raba ni nzima na klampu pekee ndiyo imelegea. Lakini kama gari lilikaa vizuri miezi kadhaa, kisha raba ikachanika kwenye mkunjo, hiyo ni kazi ya pembe.

Jasho dogo la grisi kwenye mdomo wa raba mpya si ugonjwa. Grisi iliyozidi hujitoa siku za mwanzo. Ifute, uangalie tena baada ya wiki. Ikirudi nyingi, tafuta sababu.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni hili. Egesha mahali tambarare, weka vigingi kwenye tairi za nyuma, pandisha mbele kwa jeki kupitia chesisi hadi tairi zote mbili zining'inie, kisha weka stendi za chuma. Mawe na magogo yasiwe mbadala wa stendi. Kuna watu wamezikwa kwa ajili ya jiwe lililopasuka. Toa gari kwenye gia na kwenye foo wili. Zungusha tairi polepole kwa mkono huku mwenzako akitazama mikunjo kwa tochi. Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekatwa mwisho kulia, kisha kushoto. Tairi likigoma au likienda kwa mishtuko, jointi imefika mwisho wa pembe yake. Mikunjo ikibanana hadi huwezi kupitisha karatasi, au raba ikigusa chuma chochote, umempata mwizi. Na kama raba imepasuka, sikiliza jointi kabla hujaagiza raba: mlio wa ta-ta-ta unapokata kona ukiwa kwenye gesi ni jointi ya nje iliyolika, gari likitetemeka unapoondoka kwa nguvu na kutulia ukiachia gesi, ni ya ndani. Jointi iliyokwisha kulika haiponi kwa kuvikwa raba mpya. Nunua jointi au shafti nzima.

Hapo tunafika kwenye spesa, ambazo nadhani ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi katika habari hii yote. Spesa ya juu ya shokapu kwenye Hilux au Prado haiinui gari kwa unene wake. Shokapu imekaa karibu na katikati ya amu ya chini, kwa hiyo spesa ya sentimita 2.5 huinua gari karibu sentimita 5. Mtu anakwenda dukani akitaka kuinua sentimita 5, ananunua spesa ya sentimita 5, anaondoka na gari lililopanda karibu sentimita 10. Kisha anashangaa raba hazidumu. Kwenye RAV4, Noah na Harrier, ambako shokapu inashuka moja kwa moja hadi kwenye habu, unene wa spesa na kupanda kwa gari vinakaribiana, lakini nafasi ya shafti ni ndogo zaidi, hivyo huruma usiitegemee.

Jambo la pili kuhusu spesa hiyo: inasukuma shokapu nzima chini. Tairi linapoanguka shimoni, linashuka zaidi ya pale mtengenezaji alipoliwekea mwisho, kwa sababu urefu wa shokapu iliyonyooka ni uleule na sasa unaanzia chini zaidi. Ukiinua gari kwa springi ngumu zaidi huku shokapu ikibaki ya asili, pembe ya gari lililosimama itaongezeka, lakini kikomo cha kushuka kinabaki palepale. Kwa njia zetu, ambapo tairi la mbele linaning'inia kila baada ya mita chache, tofauti hiyo ni kubwa. Kama una fedha za kuchagua, chagua springi. Magari yenye torsheni ba mbele yana mtego wake: fundi anakaza bolti tu, gari linapanda bila kununua chochote, na hakuna anayepima.

Kisha mzigo. Pikapu iliyojazwa ndizi hadi nyuma ya ekseli ya nyuma inanyanyua pua. Sentimita chache za kupanda mbele zinaongezeka juu ya zile za spesa, na ndivyo gari litakavyokwenda safari nzima. Kwa hiyo pima mara mbili, tupu na likiwa na mzigo wako wa kawaida. Kipimo rahisi ni kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Viandike vipimo hivyo mahali ambapo havitapotea.

Ukishapata pembe, una njia tatu, nami nazipanga hivi kwa makusudi. Ya kwanza ni kushusha gari. Kwa pikapu ya kazi yenye difu ya mbele kwenye chesisi, naona sentimita 5 za kupanda zinatosha, na ukitaka zaidi, tairi refu kidogo linakupa nafasi bila kugusa pembe ya shafti hata kidogo, alimradi haligusi madigadi. Ya pili ni kushusha difu kwa spesa zake, kwa kawaida sentimita 2 hadi 2.5, ili jointi ya ndani ipumue. Inasaidia, ila haifanyi miujiza, na bamba la kukinga injini nalo hushuka, kwa hiyo unarudisha sehemu ya kile ulichokitafuta. Bolti za kazi hiyo ziwe ndefu za kutosha na zenye alama ya 10.9 kichwani, au angalau lile daraja lililokuwa kwenye bolti za awali. Fundi akikutolea bolti isiyo na alama, kataa. Akitaka kuchomelea, kataa kwa sauti kubwa zaidi. Njia ya tatu ni kubadilisha amu za juu. Hizo hurekebisha boli jointi na alaimenti, lakini shafti haiguswi. Wengi huzinunua wakidhani zitaponya raba. Hazitaponya.

Pembe ikishatulia, ndipo raba inunuliwe. Spea zinafika Bukoba kutoka Kampala kupitia Mutukula, na kutoka Mwanza kwa meli na kwa barabara, zikiwa za viwango vyote. Peleka raba ya zamani dukani, ulinganishe midomo yote miwili na idadi ya mikunjo. Finya mpya kwa vidole: ikirudi haraka bila kuacha mistari myeupe kwenye bonde la mkunjo, ni nzuri. Raba zilizopasuliwa ubavuni, zinazogundishwa kwa gundi bila kuchomoa shafti, zinafaa kumfikisha mtu nyumbani. Kwenye gari lililoinuliwa, ule mshono huwa wa kwanza kufunguka.

Usafi ndio nusu ya kazi. Jointi ifunguliwe, ioshwe hadi chuma king'ae, ikaushwe, gololi na njia zake zikaguliwe kama zina mashimo. Grisi iwe ile ya pakiti iliyokuja na raba, yenye molibdenamu kwa jointi ya gololi. Ya jointi ya miguu mitatu mara nyingi ni tofauti, zisichanganywe. Grisi ya kopo inayopakwa kwenye majani ya springi haifai hapa. Pia usijaze kupita kiasi cha pakiti, kwa sababu raba itavimba kama puto na kusukuma klampu. Kabla ya kufunga mdomo mdogo, shafti ikiwa katika urefu wake wa kazi, ingiza bisibisi bapa isiyo na makali kwenye mdomo ili hewa itoke na mikunjo ikae kwa usawa. Hatua hii inachukua dakika moja na ndiyo inayorukwa zaidi. Mdomo ukae kwenye mfereji wake. Klampu iwe bapa, inayokazwa kwa koleo lake. Klipu ya bomba la maji ina kichwa kizito kinachozunguka na kugonga, na waya wa kufungia hukata raba taratibu. Mkizoea kuvitumia, mtazoea na kuvuja.

Wenye Hilux zenye habu za kufunga kwa mkono wana bahati ambayo wengi hawaitumii. Ukifika lami, fungua habu, shafti za mbele zinaacha kuzunguka, raba zinapumzika kutoka Muhutwe hadi Bukoba mjini. Wenye Prado, ambazo shafti zake huzunguka wakati wote, hawana nafasi hiyo, kwa hiyo wao ndio wawe wakali zaidi kuhusu kimo.

Wenye Land Cruiser za 70 na Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele, nyinyi hamna raba hii. Jointi yenu imo ndani ya duara la chuma nyuma ya tairi. Grisi ikitoka hapo ikiwa nyepesi kama uji mweusi, oili ya difu imevuka sili ya ndani na kuchanganyika nayo. Kuinua gari hakukuleta hilo, na spesa ya difu haitaliondoa.

Raba ikichanika mbali, tuseme umeshapita Nshamba na jioni inaingia, toa foo wili, fungua habu kama zinafunguka, futa tope kwa nje bila kulisukumia ndani, uizungushie plastiki ngumu na kuifunga kwa mikanda ya tyubu ya baiskeli kwenye midomo yote miwili. Nenda taratibu, usikate kona kali ukiwa kwenye gesi. Kesho yake fungua jointi hiyo. Usiiache mpaka mzigo ujao, kwa sababu gharama ya raba na grisi ni ndogo sana ukilinganisha na shafti nzima. Na vijana wa kuosha magari waambie mapema wasielekeze mashine ya presha kwenye midomo ya raba. Maji yakishapenya chini ya klampu, kutu huanza ndani ambako huioni.

Kazi ikikamilika, peleka gari kwenye alaimenti, kwa maana kuinua kunabadilisha mkao wa tairi. Kisha, kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho ya fedha zake, mwombe muende naye hadi Kemondo na kurudi, gari likiwa na mzigo. Mkifika, ingizeni tochi nyuma ya tairi zote mbili, mpitishe kitambaa cheupe ndani ya rimu. Kikitoka bila grisi, mlipe na umshukuru.